Bomba la Maji Mbele ya Dira

Nilikuwa na miaka tisa mjomba wangu aliponivua mkanda baharini. Ilikuwa usiku, jahazi limepakia unga na sabuni kutoka Tanga kwenda Wete, naye ameibana kana kwapani, macho hayabanduki kwenye dira. Dira ile ilikaa ndani ya sanduku la mvule mbele ya miguu yake, ikimulikwa na kandili ya shaba. Niliinama niisome vizuri. Kadi ikasogea.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo, "hebu vua huo mkanda ukauweke omo."

Bizimu ya mkanda wangu wa shule ilikuwa ya chuma. Kabla sijaondoka alinishika mkono, akaisogeza bizimu karibu na kioo, na kadi ikaifuata kama kifaranga anavyomfuata mamaye. Akaiondoa, kadi ikarudi. "Ukikaa hapo mpaka alfajiri," alisema, "tutafika mahali ambapo Wete haipo."

Nilikua, nikasoma, nikafanya kazi za nchi kavu, na somo lile nikalisahau. Lilinirudia mwaka 2006, mbele ya miamba ya Misali.

Mwaka huo mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Tanga, alinunua boti ya tanga Kilifi. Ilikuwa boti ya faiba ya mita tisa, kongwe lakini nzuri, yenye mkuku mzito na mlingoti mmoja. Aliniomba nimsaidie kuileta nyumbani, pamoja na kijana wa Vanga ambaye tangu utotoni alikuwa akivua na baba yake. Tulichagua Februari, kaskazi ikivuma sawasawa, upepo unakupiga kisogoni njia nzima. Safari ni kama maili 100 za baharini.

Boti ile ilikuwa na usukani wa gurudumu. Mimi naamini boti ya ukubwa huo haihitaji gurudumu. Kana inatosha, na inakupa habari: maji yakibadilika unayasikia kiganjani kabla hujayaona. Lakini mwenye boti wa zamani alitaka gurudumu, akafungiwa. Gurudumu halisimami peke yake. Linabebwa na nguzo ya alumini inayofika kiunoni, imefungwa sitahani kwa bolti nne. Ndani ya nguzo mna mnyororo kama wa baiskeli, unaounganishwa na kamba za waya zinazopita kwenye kapi chini ya sitaha mpaka kwenye mhimili wa usukani. Na juu kabisa ya nguzo, mbele ya macho ya anayeongoza, ndipo dira inapokaa.

Tangu siku ya kwanza Kilifi nguzo ilikuwa ikicheza kidogo. Ukilishika gurudumu ukalisukuma mbele, unaona ufa mwembamba ukifunguka kwenye kitako chake na kufunga. Niliuona. Nikakaza nati, ufa ukatoweka, nikaridhika.

Tulipokaribia Wasini, mchana, mawimbi yanatoka nyuma na boti inakwenda mrama, Mwalimu alipanda kutoka ndani na kikombe cha chai. Wimbi likatuinua ubavu. Alifanya kile ambacho mtu yeyote anayeanguka angefanya: alikiachia kikombe akakumbatia kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake, nacho kilikuwa gurudumu. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu inayopasuliwa. Nguzo ikalala ubavu pamoja na gurudumu, dira na Mwalimu mwenyewe, na bolti mbili zikaja juu zikiwa zimeng'ang'ania vipande vya sitaha.

Mwalimu aliumia mbavu. Kijana wa Vanga aliteremsha tanga kubwa bila kuambiwa. Mimi nilikwenda kutafuta kana ya dharura, bomba fupi linalochomekwa moja kwa moja kwenye kichwa cha mhimili wa usukani kupitia tundu la sitahani. Niliikuta chini ya kitanda, nyuma ya masufuria, na mfuniko wa lile tundu ulikuwa umekauka kwa chumvi hata nikaupiga nyundo ndipo ukafunguka. Zile zilikuwa dakika ndefu. Tangu siku hiyo, nikipanda chombo chenye gurudumu, kitu cha kwanza nauliza kana ya dharura iko wapi, kisha naichomeka mwenyewe nikiwa bado bandarini.

Tuliingia Shimoni kwa kana, tukalala, kesho yake tukafika Tanga.

Kule Tanga ndipo nilipoiangalia ile sitaha kwa karibu. Niliingiza bisibisi kwenye tundu mojawapo la bolti, ikazama mpaka mpini. Nilipoitoa ilibeba uji wa kahawia unaonuka kama makuti yaliyolowa mwaka mzima. Sitaha ya boti nyingi za faiba si faiba tupu. Ni tabaka mbili nyembamba, na katikati yake vipande vya mti wa balsa, mwepesi sana, ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito. Balsa ikiwa kavu ni kitu cha ajabu kwa nguvu zake. Ikilowa inaoza, na tabaka mbili za faiba hubaki zimekumbatia uji. Fundi aliyefunga nguzo ile alitoboa matundu manne, akapitisha bolti, chini akaweka washa ndogo kama sarafu, akakaza. Kila mvua na kila wimbi likaingia kidogo.

Tena alikuwa amefikiria kazi ya gurudumu tu. Kuzungusha gurudumu hakuhitaji nguvu nyingi; mtoto anaweza. Nguzo inapata mtihani wake mtu anapoangukia juu yake. Piga hesabu. Mtu wa kilo 90 akiegemea kwa uzito wake wote kwenye kimo cha mita moja, na bolti za mbele ziko sentimita 15 kutoka za nyuma, bolti mbili za upande mmoja zinavutwa juu kwa nguvu ya kilo 600. Na hapo hajarushwa na wimbi, ameegemea taratibu. Gawanya kwa mbili, kila bolti inavuta kilo 300 kupitia washa ya ukubwa wa sarafu, juu ya uji. Hakuna sitaha ya namna hiyo itakayokataa kupasuka.

Basi tuliamua kuitia nguvu, na hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilitaka kitu kisichong'oka tena maisha. Tulikwangua uji wote, tukajaza, na chini ya sitaha tukaweka bamba la chuma cheusi la milimita nane, pana kama sinia. Kisha, ili mtu akianguka tena apate cha kushika kabla ya gurudumu, tukamwomba fundi wa kuchomelea atupindie bomba la maji la inchi moja kwa umbo la upinde. Miguu yake miwili ilifungwa sitahani, na kichwa chake kikapita mbele ya dira kwa upana wa kiganja. Stenlesi ilikuwa ghali, bomba la maji lilikuwepo, na Mwalimu alikuwa amekwisha kutumia pesa nyingi. Nilining'inia kwenye upinde ule kwa uzito wangu wote, miguu hewani. Haukutikisika. Nilifurahi sana.

Siku tano baadaye tuliondoka Tanga saa tatu usiku kwenda Mkoani. Kutoka mdomo wa bandari mpaka Mkoani ni maili kama 38, kusini-mashariki zaidi ya mashariki. Kaskazini ya ramani na kaskazini ya sumaku kwetu huachana kwa digrii chache tu, nazo tulizihesabu. Tuliuhesabu pia mkondo wa pwani yetu, unaokwenda kaskazini karibu mwaka mzima. Hesabu ikatupa digrii 120 kwenye dira. Kifaa cha setilaiti kililowa siku ile ya Wasini, hakikuwaka tena. Hatukujali. Dira ilikuwa mpya, Mwalimu aliiagiza Ulaya kwa bei ya kutisha, na anga lilikuwa safi.

Saa tisa usiku zamu ilikuwa yangu. Mjomba alikuwa akitupimia anga kwa ngumi: nyoosha mkono, kunja ngumi, na ngumi moja ni digrii kama 10, kidole kimoja kama mbili. Nyota ya jaa, ambayo mabaharia wa Arabuni huianzia hesabu zao, kwetu haionekani. Tuko kusini mwa ikweta nayo imezama chini ya upeo. Alitumia Msalaba wa Kusini. Februari, saa tisa usiku, Msalaba unasimama wima, na ukisimama wima mguu wake umeelekea kusini hasa. Nilipima kwa kujifurahisha tu, kutoka omo kwenda mkono wa kulia mpaka chini ya Msalaba. Kwa njia tuliyokuwa tukiifuata nilitegemea ngumi sita na vidole viwili. Nilipata ngumi saba na ushei. Nikarudia. Saba na ushei.

Nilimwamsha Mwalimu. Alipanda polepole kwa sababu ya mbavu, akaangalia dira, akaangalia anga.

"Dira inasema 120," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi shika 120, bwana. Ngumi yako imetoka wapi na dira imetoka wapi?"

Nilishika 120. Simlaumu, mimi mwenyewe niliiamini namba iliyoandikwa kwenye kioo kuliko mkono wangu. Mjomba angegeuza.

Alfajiri kijana wa Vanga alisimama omo akanyoosha kidole bila kusema neno. Mbele yetu palikuwa na mstari mweupe unaoinuka na kushuka, na nyuma yake miti. Mkoani ina vilima na gati. Pale palikuwa na kisiwa kidogo kimezungukwa na matumbawe: Misali, maili nyingi kaskazini ya tulikokuwa tukienda. Mkondo wa Pemba una kina kinachopita mita 700, na ukuta wa mwamba unainuka kutoka humo karibu wima, kwa hiyo hata ukitupa bildi haikuambii kitu mpaka umechelewa. Tulikuwa na nafasi ya kugeuka kwa sababu kulikucha. Kama tungeondoka Tanga saa moja mapema, sijui ningeandika haya.

Tulifika Mkoani saa nne asubuhi. Baada ya chai nilichukua funguo, nikafungua bolti za ule upinde moja baada ya nyingine. Boti ilikuwa imetulia kwenye nanga, maji kama kioo. Nilimwambia Mwalimu aangalie dira. Nikauinua upinde kidogo, kimo cha shubiri moja. Kadi ilianza kutembea. Haikuruka, ilikwenda taratibu, kama mtu anayegeuza shingo kuitika, digrii mbili, tano, nane. Nikaurudisha upinde chini, kadi ikarudi. Nikauinua tena. Mwalimu aliketi, akakaa kimya muda mrefu. Mimi nilikuwa nikiuona mkanda wangu wa shule.

Mchana ule tuliurudisha upinde mahali pake, tukaizungusha boti pale ghubani, na mimi nikisimama omo kabisa na dira ndogo ya mkononi, mbali na chuma chochote, tukalinganisha dira mbili kwenye kila moja ya pembe nane za dunia. Tukielekea kaskazini au kusini zilikubaliana karibu sawa. Tukielekea mashariki ile ya nguzoni ilikosea digrii kama 10 upande mmoja, na tukielekea magharibi ikakosea kiasi hichohicho upande wa pili. Hapo ndipo penye hatari ya jambo hili. Dira iliyoharibiwa na chuma haikosei sawasawa siku zote. Inasema kweli unapotoka bandarini, ukageuka tu ikaanza uongo. Na digrii 10 kwa maili 30 ni maili tano kando ya njia.

Baadaye nilisoma, nikakuta jambo hili lina wahanga wengi kabla yetu. Matthew Flinders, nahodha wa Kiingereza aliyeizunguka Australia miaka ya 1802 na 1803, aliona dira yake inabadilika kila meli ilipogeuka, akafuatilia mpaka akagundua ni chuma cha meli yenyewe. Fimbo ya chuma laini inayowekwa kando ya dira mpaka leo hubeba jina lake. Meli zilipoanza kujengwa kwa chuma kitupu mambo yakawa mabaya zaidi. George Airy, mnajimu wa serikali ya Uingereza, alipewa kazi ya kutafuta dawa mwaka 1838. Januari 1854 meli ya chuma iitwayo Tayleur ilitoka Liverpool kwa safari yake ya kwanza kwenda Australia, dira zake zikaipeleka kusiko, ikagonga mwamba wa kisiwa cha Lambay karibu na Dublin siku ya tatu tu. Walikufa watu zaidi ya 300. Nilipoisoma habari ile niliiweka chini nikatoka nje kidogo.

Ile nguzo tuliijenga upya, na safari hii sikutafuta nguvu kwenye chuma. Matundu yalitobolewa makubwa kuliko bolti, balsa ikakwanguliwa kuyazunguka, yakajazwa epoksi, ikakauka, ndipo yakatobolewa tena kwa kipimo cha bolti. Maji yakipenya hukutana na epoksi. Kwenye mti hayafiki. Chini, badala ya bamba la chuma, tukagundisha ubao wa mvule wa unene wa inchi moja, mpana mara nne kuliko kitako cha nguzo, kisha washa pana za shaba. Mzigo ule wa kilo 600 sasa unagawanyika juu ya eneo zima la ubao. Bolti ni za stenlesi, na kati ya stenlesi na alumini ya nguzo tukaweka vipande vya plastiki, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi alumini huliwa mpaka ikawa unga mweupe. Fundi wa kwanza hakuviweka, na ile alumini ilikuwa imeanza kuliwa.

Upinde wa kushika tuliusubiri miezi mitatu mpaka ikapatikana stenlesi nzuri. Nayo haiaminiki kwa jina tu. Kuna stenlesi ambayo ikiwa imenyooka haivutwi na sumaku, lakini ukishaikunja penye kona pale panavutwa. Nilifunga kisumaku kwenye uzi, nikakipitisha kila kona na kila mchomeleo. Kona moja ilikivuta kidogo, tukaiweka chini, mbali na dira.

Wapo wanaosema dira iondolewe kabisa kwenye nguzo, ifungwe kwenye ukuta wa kibanda mbele. Nimeijaribu na siipendi. Kwenye boti ndogo watu hukaa wameegemea ukuta huohuo, migongo yao ndiyo unayoisoma badala ya digrii, na mara nyingi nyuma ya ukuta kuna spika ya redio ambayo ni sumaku kubwa. Umri nao unaingia, macho hayafiki mita mbili. Mimi nasimama na nguzo: dira iko katikati ya chombo, karibu na uso, inaonekana ukikaa upande wowote. Ila ukishaiweka hapo, nguzo ile ni mali ya dira. Usiifungie kishikio cha simu, wala spika, wala mkebe wa visu. Waya za taa yake zisokotwe pamoja kama kamba, ya kwenda na ya kurudi, maana umeme unaopita kwenye waya nao unaisukuma sindano. Ørsted wa Denmark alilionyesha hilo mwaka 1820. Na ukiagiza dira Ulaya, sema itatumika wapi. Ile ya Mwalimu ilisawazishwa kwa ajili ya kaskazini ya dunia, ambako sumaku ya ardhi huivuta ncha ya kaskazini kwenda chini, hivyo upande wa pili huongezewa uzito. Huku kwetu mvuto huo umegeuka, na kadi ilikaa imeinama kama ngalawa iliyopoteza mrengu mmoja. Tuliiona imeinama tangu Kilifi. Tulidhani ndivyo ilivyo.

Kaskazi iliyofuata tulikwenda tena Mkoani, watu walewale watatu. Tuliondoka saa tatu usiku. Kijana wa Vanga alikuwa kwenye gurudumu, mimi nimekaa pembeni, simu yangu nimeiacha ndani, mfukoni sina hata funguo. Saa tisa Msalaba ulisimama wima. Nilinyoosha mkono nikapima kutoka omo: ngumi sita, vidole viwili. Nikarudia, nikapata vilevile.

Mwalimu alipanda na kikombe cha chai. Boti ililala ubavu ghafla, akaushika upinde kwa mkono mmoja na uzito wake wote ukamfuata. Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Nguzo haikutoa sauti. Kadi ilipepesuka na wimbi, ikarudi 120, naye akaendelea kunywa chai yake, akiulizia kama taa za Mkoani zimeshaonekana.